Baba yangu ana bucha, nami sili nyama: Krismasi hii nifanyeje?

Binti wa Walukuba (mwenye uzi)

Wazee wangu, kaka na dada wa jukwaa hili, nawasalimu nyote kwa heshima. Nina umri wa miaka 17, nimemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita, na sasa niko nyumbani Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Kwetu tunazungumza Kiswahili kwa sababu baba ni Msoga na mama ni Msamia wa Busia. Isitoshe, babu aliwalea watoto wake katika nyumba za wafanyakazi wa viwandani, ambako majirani walitoka kila upande na Kiswahili kikawa lugha ya uani.

Baba yangu anauza nyama. Karo yangu, sare zangu, godoro nililopeleka bwenini na hata simu ninayoandikia maneno haya vyote vimetokana na mizani inayoning'inia mlangoni mwa bucha yake. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma, kwa sababu sitaki mtu yeyote anisaidie kwa kumtukana baba.

Nimeacha kula nyama tangu Krismasi ya 2023. Sili ng'ombe, mbuzi, kuku wala samaki. Maziwa nakunywa, na mayai nakula.

Shule zilipofungwa Machi 2020 zilikaa hivyo, kwa wengi wetu, hadi Januari 2022, na katika muda huo nilikuwa msaidizi wa baba. Nilijifunza kufuta kigogo cha kukatia, kuhesabu chenji na kupima nusu kilo bila kumpunja mtu. Alfajiri nyingine nilikwenda naye machinjioni kumshikia tochi. Siku moja ya mwaka 2021 tumbo la ng'ombe mmoja mwekundu lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na ndama aliyekwisha kuota manyoya. Kwato zake zilikuwa za manjano na laini, kama kipande cha sabuni kilicholala majini usiku kucha. Hakuna aliyekusudia kosa. Aliyemleta yule ng'ombe sokoni alikuwa na shida ya fedha, na aliyemnunua hakujua. Baba alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpe tochi nikamsubiri nje.

Sikuacha nyama siku ile, na sipendi kudanganya kwamba niliacha. Niliendelea kula kwa zaidi ya miaka miwili. Lakini niliporudi shuleni, ambako muhula mzima tunakula posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, niligundua kwamba nakaa mezani nikiwa na utulivu ambao nyumbani sikuwa nao. Jambo hili limenifikirisha sana. Mwanafunzi wa bweni anaweza kukaa miezi mitatu bila kuona kipande cha nyama, na hakuna mzazi anayesema mtoto atakufa. Mtoto huyohuyo akirudi nyumbani akasema kwa hiari yake kwamba hali nyama, ukoo mzima unakaa kikao.

Mambo mawili yananitesa. La kwanza ni bibi yangu, mama yake baba. Mwaka jana alikuja kutoka Kamuli na jogoo aliyemlea mwenyewe, akampika, akanichagulia paja na kuniletea sahani kwa mikono miwili. Nilipiga magoti nikamshukuru, nikamwambia kwamba sili. Aliiweka sahani chini. Aliniambia kwamba katika ujana wake wanawake wa Busoga hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai, kwamba alipika kuku wa wanaume kwa miaka mingi akiishia kunusa mvuke, na kwamba alionja kuku mara ya kwanza akiwa tayari na watoto watatu. "Sisi tulinyimwa," alisema, "wewe unapewa mkononi unakataa." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Hakula tena jioni ile.

La pili ni bucha. Habari ilipoenea mtaani kwamba mtoto wa mwenye bucha hali nyama, wateja walianza kumuuliza baba: "Binti yako amejua nini?" Wawili wamehamia bucha nyingine. Baba hajanigombeza hata mara moja, ila amenyamaza, na kimya chake ni kizito kuliko kugombezwa.

Sasa zimebaki wiki tatu, na bibi atakuja. Sitaki kurudia kula nyama kwa unafiki, wala sitaki kumwona bibi akiweka sahani chini mara ya pili. Nifanyeje?

Fundi wa Bugembe

Mdogo wangu, nitasema ukweli ninavyouona. Mambo haya vijana mmeyaokota kwenye simu. Kwetu Uganda mtu asiyekula nyama ni mgonjwa, au ni maskini, au amekatazwa na waganga. Unaishi hatua chache kutoka ziwani na unakataa hata samaki, ilhali samaki si nyama? Kama tatizo lako ni ndama yule, kula kuku. Kama tatizo lako ni damu, kunywa mchuzi na uache vipande. Usimtie baba yako hasara kwa jambo ambalo utaliacha ukishaolewa.

Binti wa Walukuba

Kaka, nakushukuru kwa kusema waziwazi. Simu nilipewa mwaka huu baada ya mtihani, na nyama niliiacha kabla ya hapo. Kuhusu mchuzi, mama amejaribu. Huondoa vipande vyote na kuniachia mchuzi, naye hufanya hivyo kwa upendo, lakini mimi nauona mchuzi ule kuwa ni nyama iliyoyeyuka. Samaki nao nimewaona wakipigapiga mikia ndani ya mitumbwi pale Masese, na sikuona tofauti ambayo ningeweza kuieleza. Sisemi kwamba wanaokula wanakosea. Nasema kwamba mimi siwezi.

Mzee wa Nsenene

Mjukuu wangu, mimi ni Mganda wa ukoo wa Nsenene, na jibu langu ni kwa Fundi kwanza, kisha kwako.

Fundi, si kweli kwamba kwetu mtu asiyekula kitu fulani lazima awe mgonjwa au maskini. Baganda tuna koo zaidi ya 50, na kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama, ndege, samaki, mdudu au mmea ambao wana ukoo hawauli. Wa Mmamba hawali kambaremamba, wa Ndiga hawali kondoo, wa Butiko hawali uyoga, na wa Mpindi hawali kunde. Mimi siwezi kula senene. Kila Novemba, Kampala nzima inanuka senene wa kukaangwa, wachuuzi wanawapitisha kwenye madirisha ya magari, wajukuu zangu wa upande wa binti zangu wanawatafuna mbele yangu, nami sijawahi kuonja hata mmoja kwa miaka 71. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naringa.

Tena fikirini jinsi nyumba ilivyo. Mtoto hufuata ukoo wa baba, na mama hutoka ukoo mwingine, kwa sababu hatuoani ndani ya ukoo mmoja. Kwa hiyo katika nyumba ya Kiganda, tangu enzi za mababu, huenda mama akapika asichoruhusiwa kukila na watoto wakala wasichoweza kumlisha mama yao. Chungu kimoja kilizungukwa na miiko ya watu mbalimbali, na nyumba haikuvunjika.

Lakini kwako wewe, mjukuu, nina neno ambalo huenda lisikupendeze. Mimi napewa heshima katika mwiko wangu kwa sababu sikuuchagua. Nimeupokea. Wewe umeuchagua mwenyewe, na ndiyo maana bibi yako anaumia: anaona umejitoa katika jambo ambalo yeye alilipigania. Usimjibu kwa hoja. Hoja yako inaweza kuwa sahihi na bado ikamwacha na sahani mkononi.

Muuguzi wa Mbale

Mwanangu, mimi ni muuguzi, na kabla ya kusema lolote nina swali ambalo naomba ulijibu kwa ukweli. Je, kuna vyakula vingine unavyoviacha pamoja na nyama? Unaruka milo? Unajipima uzito kila mara? Nauliza kwa sababu nimewahi kuwaona wasichana wa umri wako wanaoanza kwa kuacha nyama, halafu posho, halafu mafuta, na mwisho wake lengo linakuwa ni kukonda, nao wanahitaji msaada wa aina nyingine kabisa.

Kama sivyo, basi jambo lako linawezekana kiafya, lakini halijiendeshi lenyewe. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, wakati mvulana wa umri huo anahitaji 11, kwa sababu msichana hupoteza damu kila mwezi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina kama miligramu 4 au 5. Tatizo ni kwamba mwili hufyonza madini ya chuma ya mimea kwa shida kuliko yale ya nyama, na sisi tunaongeza shida hiyo kwa kunywa chai pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia ufyonzaji huo. Kunywa chai yako saa moja au zaidi baada ya kula. Pamoja na maharage, kula kitu chenye vitamini C: pera, papai, chungwa, nyanya mbichi, au kamulia limau kwenye mboga. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale kabla ya kuyapika. Ukiweza kupata sokoni maharage ya aina za NAROBEAN, ambazo NARO, shirika letu la utafiti wa kilimo, imezitoa zikiwa na madini ya chuma na zinki zaidi ya maharage ya kawaida, chukua hayo.

Protini isikutishe. Unahitaji kama gramu 46 kwa siku. Maharage na posho vinakamilishana, kwa maana kile kinachopungua katika mahindi kimo katika maharage, na karanga zina karibu gramu 25 katika kila gramu 100. Kinachonitisha mimi ni vitamini B12, kwa sababu haimo katika mimea tunayokula. Unahitaji mikrogramu 2.4 kila siku. Vikombe viwili vya maziwa vinakufikisha hapo au karibu sana, na yai moja linakupa kama nusu mikrogramu. Kwa hiyo ukisikia mtu akikushauri uache na maziwa, usimfuate bila kupata vidonge vya vitamini hiyo na ushauri wa daktari. Upungufu wake huja polepole, kwa miaka, na unaweza kudhuru damu na mishipa ya fahamu.

Nenda kituo cha afya wapime wingi wa damu yako sasa, kisha tena baada ya miezi sita. Karatasi yenye namba itamtuliza mama yako kuliko maneno yangu yote.

Jambo moja nje ya afya, kwa kuwa mimi ni Mgisu wa Mlima Elgon. Katika sherehe zetu mlimani kuna malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo tunayachemsha na kuyapika katika karanga zilizosagwa. Si chakula cha mtu aliyekosa nyama. Mgeni wa heshima akipikiwa malewa anajua ameheshimiwa, kwa sababu machipukizi yale hufuatwa mbali, msituni. Tafuta chakula cha namna hiyo kwenu. Ukikaa mezani siku ya Krismasi na sahani ya maharage, baba yako ataona sahani ya shule, naye atajisikia kwamba ameshindwa kumlisha binti yake mbele ya wageni.

Binti wa Walukuba

Mama, nakujibu kwa ukweli: siruki milo, wala sitaki kukonda. Nakula kuliko kaka yangu, na mama ni shahidi. Chai ndiyo kosa langu, kwa sababu huwa nakunywa vikombe viwili pamoja na chakula cha usiku. Nitaacha kuanzia leo. Na maneno yako kuhusu sahani ya shule yamenigusa. Mwaka jana nilikula maharage nikidhani kwamba najishusha ili nisisumbue mtu, kumbe nilikuwa namwaibisha baba.

Mwenye Bucha wa Tororo

Binti, nimeusoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika, maana mimi nami nauza nyama, na nina binti wa umri wako.

Naomba nikueleze baba yako anachokiogopa, kwa kuwa yeye hatakueleza. Wengi wetu tunachukua ng'ombe kwa mkopo alfajiri na kulipa jioni. Hatuna majokofu makubwa. Nyama isiyouzwa leo, kesho inauzwa kwa hasara, na kesho kutwa ni ya mbwa. Biashara yote imesimama juu ya mteja kuamini kwamba ng'ombe yule alikuwa mzima, kwamba daktari wa mifugo alimkagua na kupiga muhuri, na kwamba hatukutia kitu. Uaminifu huo unavunjika kwa neno moja. Mwanzoni mwa mwaka 2018, habari zilipotoka Kampala kwamba baadhi ya wauzaji wanapaka nyama dawa ya kuhifadhia maiti ili nzi wasitue, wateja wangu huku Tororo, mbali kabisa, walianza kunusa nyama kabla ya kununua. Mwishoni mwa 2023 kimeta kilipoua watu na ng'ombe kule Kyotera, niliuza nusu ya kawaida yangu kwa wiki kadhaa, na ng'ombe wangu hawakutoka upande ule hata kidogo. Sasa fikiria mteja anayesikia kwamba mtoto wa mwenye bucha, aliyewahi kushika tochi machinjioni, ameacha kula nyama ghafla. Mimi mwenyewe ningeuliza.

Kwa hiyo dawa ya jambo la pili iko mikononi mwako, na haihitaji ule nyama. Rudi buchani. Vaa koti jeupe, simama karibu na mizani Jumamosi moja au mbili, wahudumie watu, na mteja akikuuliza mbona huli, mjibu mwenyewe mbele ya baba yako kwamba nyama ni safi, umeona ikikaguliwa, na kwamba wewe huli kwa sababu zako za moyoni. Uvumi unakula pale ambapo mhusika hayupo. Kama kusimama pale kutakuumiza, usilazimishe, nami nitaelewa. Lakini kama unaweza, hutamfanyia baba yako wema mkubwa kuliko huo.

Na kuhusu ndama yule: baba yako alikutoa nje. Mimi najua kwa nini. Tunaowaona ng'ombe wenye mimba wakiletwa kuchinjwa hatufurahii, na kila mtu wa kazi hii ana siku moja ambayo haisimulii nyumbani. Mwambie kwamba unaikumbuka siku ile. Huenda hajui kwamba chanzo ni hicho. Huenda anadhani unaionea aibu kazi yake.

Mama wa Iganga

Mwanangu, wanaume wamesema vizuri, na Muuguzi amesema vizuri zaidi, lakini naona wote wamesahau njia. Wewe ni binti wa Kisoga. Binti haendi kubishana na baba yake wala na mama wa baba yake ana kwa ana. Kuna shangazi. Hata kama siku hizi watu wanamkumbuka shangazi, yaani ssenga, wakati wa ndoa tu, kazi yake ni hiyo hasa: kuyabeba maneno ambayo mtoto hawezi kuyafikisha. Mwendee dada yake baba, mweleze yote kama ulivyotueleza sisi, pamoja na ndama, pamoja na sahani ya bibi, na umwachie yeye.

Sasa kuhusu bibi. Nina miaka 58, na mama yangu naye hakula kuku mpaka alipozeeka, kwa hiyo najua uchungu huo unakaa wapi. Bibi yako hakuwa anakupa nyama. Alikuwa anakupa nafasi ya kukaa mahali ambapo yeye alizuiwa kukaa. Ukikataa kuku bila kukubali nafasi ile, umekataa vyote viwili. Basi kubali nafasi. Mwambie, kwa kupitia shangazi yako kwanza, kwamba unataka akufundishe kupika luwombo, yaani mchuzi unaofungwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba.

Wengi wanadhani luwombo ni lazima awe kuku au nyama. Si lazima. Luwombo ya karanga na uyoga ni chakula cha zamani, na ikipikwa na mtu anayejua, wanaume huacha sahani zao kuja kuomba. Chukua jani changa la mgomba ambalo halijapasuka, lipitishe juu ya moshi mpaka lilainike na kung'aa, chonga uti wa kati uwe mwembamba ili likunjike bila kuvunjika. Karanga zisagwe ziwe laini, zikorogwe kwa maji ya vuguvugu, na uyoga mkavu ulowekwe, uoshwe mchanga wote, ukatwekatwe. Weka chumvi, kitunguu na nyanya. Funga jani kama mfuko, kaza kwa ugwe wa mgomba, panga juu ya matoke yaliyofunikwa, na uache mvuke ufanye kazi kwa saa tatu bila kufunua. Heshima ya luwombo iko hapo kwenye kufungwa. Kila mtu anapewa mfuko wake mzima, anaufungua mwenyewe, mvuke unampiga usoni. Bibi yako atakuletea mfuko wako kwa mikono miwili kama wengine, na hakuna mgeni atakayejua kilichomo mpaka ufunguliwe.

Kwa siku za kawaida, mwonee huruma mama yako. Makaa ni ghali, na chungu cha pili ni sigiri ya pili. Mchuzi wa karanga upikwe kwanza wenyewe, chota wako uweke pembeni, ndipo nyama ya wengine itiwe. Na kusaga na kukoroga iwe kazi yako, isiwe yake.

Mzee wa Nsenene

Mama wa Iganga, hapo umepiga penyewe. Naongeza tu kwamba kama kuna mgeni wa ukoo wa Butiko, afungiwe luwombo nyingine.

Binti wa Walukuba

Wazee wangu, nimerejea baada ya siku tisa, na sitaki kuwaacha bila habari.

Nilikwenda kwa shangazi Bugembe siku iliyofuata. Alinisikiliza huku akichambua mchele, hakunikatiza hata mara moja, na mwishoni akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Ukiwa na watoto wako, utawakataza?" Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba nadhani sitawakataza. Alisema hilo linamtosha. Jumapili alikuja kwetu, akakaa na baba uani kwa muda mrefu, nasi tukaambiwa tubaki ndani. Alipoondoka baba aliniita, akaniuliza kama ni kweli kuhusu ndama. Nikasema ni kweli. Akasema, "Nilidhani ulikuwa umeshatoka nje kabla hujaona." Hatukuongeza neno. Lakini usiku ule alizungumza nami wakati wa chakula, akaniuliza habari za mtihani wa hisabati, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nirudi.

Mwenye Bucha wa Tororo, nimesimama buchani Jumamosi. Haikuwa rahisi. Saa moja ya kwanza nilikuwa nikitazama mizani tu, sitazami kinachopimwa. Mteja wa nne, mama mmoja anayenijua tangu utotoni, aliniuliza kwa sauti mbele ya watu, nami nikamjibu kama ulivyonielekeza: nyama ni safi, muhuri huu hapa, mimi sili kwa sababu zangu. Alinitazama, akasema, "Basi nipimie kilo moja, na uniongezee mfupa." Mmoja wa wale wawili waliohama alipita akasalimia. Hakununua.

Damu nimepima. Iko chini kidogo ya inavyotakiwa, na kituo cha afya kimenipa vidonge vya madini ya chuma vya mwezi mmoja. Mama ameihifadhi karatasi ile ndani ya Biblia yake. Muuguzi, chai nimeihamishia saa nne usiku, na nyumba nzima inalalamika kwamba nawaamsha kwa harufu ya tangawizi.

Bibi ndiye aliyebaki. Shangazi alizungumza naye kwa simu, kisha akanipa. Nilimsalimu, nikamwomba anifundishe luwombo ya karanga na uyoga. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza nani atasaga karanga. Nikasema mimi. Akasema nisizipeleke mashineni kwa sababu mashine inazichoma, nizitwange kwenye kinu, na kwamba akifika akakuta zina chengachenga atazimwaga. Kuhusu kuku hakusema kitu. Amemlea jogoo mwingine mwaka huu, shangazi ameniambia, na sijui atanipa sahani gani. Mama wa Iganga, uyoga mkavu nimeupata kwenye soko kuu la hapa Jinja, ila naomba unielekeze jinsi ya kutoa mchanga, kwa kuwa nimeuosha mara tatu na bado unasikika menoni.

Karanga zililetwa jana jioni kutoka Busia kwa mjomba, gunia dogo. Baba alisema tuzipime tujue kama zinatosha watu kumi na mmoja. Kabla sijafungua gunia alikuwa ameishusha sahani ya mizani kutoka kwenye ndoano, ameiosha kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, akaikausha kwa kitambaa kipya, akairudisha mahali pake, akaninyooshea mkono nimpe zile karanga.